Ukanda wa kwanza wa kunolea wembe si lazima uwe ghali

MWANAMUME anayenunua wembe wa kukunja kwa mara ya kwanza hudhani kuwa gharama imeishia hapo. Baada ya kujinyoa mara chache, hugundua kuwa wembe uliokuwa ukiteleza shavuni bila taabu sasa unavuta nywele na kuiacha ngozi ikiwasha. Aghalabu kosa si la wembe. Kinachokosekana ni ukanda wa ngozi wa kuusugulia kabla ya kila kunyoa.

Kifaa hicho kilikuwa cha lazima kwa kila kinyozi wa zamani. Kilianza kusahaulika baada ya Mmarekani King C. Gillette kupata hataza ya wembe wa kubadilishwa mwaka 1904, na nyembe nyembamba za kutumia na kutupa zikaenea duniani kote. Leo hii, mkazi wa Eldoret anayekitaka hukabiliwa na njia mbili: kuagiza kutoka ng'ambo, ambapo nauli na ushuru huweza kuzidi bei ya ukanda wenyewe, au kujitafutia ngozi na kumwendea fundi.

Njia hiyo ya pili haimpotezei kitu mwanagenzi. Kwa hakika ndiyo inayomfaa zaidi, mradi ajue anachokitafuta.

Kuna sababu zinazowafanya wanaume kuurudia wembe huu wa kale. Mmoja tu, ukitunzwa, huweza kumfaa mtu maisha yake yote na kurithiwa na mwanawe. Ipo pia sababu ya kiafya. Nyembe za kutupa zenye mabapa mawili au matatu huuvuta unywele na kuukata chini ya usawa wa ngozi. Kwa watu wenye nywele za kujisokota, wakiwemo Waafrika wengi, unywele huo unapoota tena hujikunja na kuichoma ngozi kutoka ndani, kisha vipele na madoa meusi hujitokeza shingoni na kidevuni. Wembe wa bapa moja hukata usawa wa ngozi, na kwa hivyo huweza kupunguza tatizo hilo, japo hauliondoi kwa kila mtu.

Hata hivyo, manufaa hayo hupatikana tu iwapo wembe ni mkali kweli kweli. Wembe butu humlazimu mtu kukandamiza na kurudia rudia mahali pamoja, na hapo ndipo damu hutoka na vipele vilivyokimbiwa hurejea.

Kazi ya ukanda

Watu wengi huchanganya kazi ya kinoo na ya ukanda. Kinoo, ambacho ni jiwe, hula chuma na kuunda makali mapya. Ukanda hauli chuma kwa kiasi cha kutajika. Kazi yake ni kuyanyoosha makali yaliyopo, kuyapangusa na kuyang'arisha.

Ncha ya makali ya wembe ulionolewa vyema ina unene usiofikia sehemu moja ya elfu ya milimita. Kitu chembamba kiasi hicho hujipinda na kuumbuka hata kinapokutana na unywele tu. Mnamo Agosti 2020, watafiti wa Massachusetts Institute of Technology nchini Marekani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa unywele, ingawa ni laini takribani mara 50 kuliko chuma cha wembe, huweza kuyamegua makali hayo pale unapojipinda wakati wa kukatwa na chuma chenyewe kisipokuwa na uimara sawa kila mahali.

Ndiyo maana wembe husuguliwa kabla ya kila kunyoa. Mwenye kufanya hivyo kwa uangalifu huweza kukaa miezi mingi bila kurudi kwenye kinoo. Asiyefanya hivyo huharibu wembe katika muda wa majuma machache tu.

Kutokana na tofauti hiyo, mambo mawili yanafaa kueleweka kabla ya kutoa hata shilingi moja. Kwanza, ukanda hauwezi kuufufua wembe uliokufa. Wembe wa babu uliokaa sandukuni kwa miaka, au ule mpya wa bei ya chini mno ambao haukunolewa kiwandani, sharti upitie kwenye kinoo cha mtu anayeijua kazi hiyo. Pili, wembe wa kinyozi unaotiwa kipande kipya kwa kila mteja hauhitaji ukanda kamwe. Kipande kikichakaa hutupwa.

Kwa nini uwe wa bei nafuu

Kila mwanagenzi huukata ukanda wake. Mkono ambao haujazoea huugeuza wembe mapema mno, au huinua mgongo wake kidogo, na makali yakazama kwenye ngozi. Ukanda ghali hukatika sawa na ule wa bei nafuu, na majuto ndiyo hutofautiana.

Hiyo ndiyo sababu wazoefu hushauri ukanda wa kwanza uwe wa kujifunzia. Fedha zinazookolewa zielekezwe kwenye wembe bora au kwenye gharama ya kuunoa, kwa kuwa wembe wa chuma kibovu hautengenezwi na ukanda wa aina yoyote.

Bei nafuu, hata hivyo, haina maana ya kitu chochote kile. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukanda wa ngozi bandia, au ulio na mawimbi na mishono, huyavuruga makali badala ya kuyanyoosha.

Eldoret na historia ya ngozi

Ni wakazi wachache wa Eldoret, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Agosti 2024, wanaokumbuka kuwa mahali pao pamewahi kuwa na nafasi kubwa katika biashara ya kutengeneza ngozi. Kwa miongo mingi, kampuni ya East African Tanning Extract, maarufu kama EATEC, ilimiliki mashamba makubwa ya miwati pembezoni mwa mji huo. Magome ya miti hiyo, yenye asili ya Australia, yalitolewa tanini, dawa inayotumiwa kudabagha ngozi, yaani kuigeuza ngozi mbichi kuwa ngozi isiyooza.

Kampuni hiyo ilikuwa chini ya shirika la Lonrho la Uingereza, na ardhi yake iligawanywa na kuuzwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Mashamba ya mahindi na makazi ya watu yakachukua nafasi ya miwati, lakini jina la EATEC lingali linatajwa katika mazungumzo ya ardhi Uasin Gishu.

Historia hiyo inahusiana moja kwa moja na uteuzi wa ukanda. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ndiyo inayosifika zaidi kwa kazi hii. Huwa ngumu kiasi, hainyumbuki ovyo, na uso wake huushika wembe kidogo unapopita. Mvuto huo mdogo ndio unaofanya kazi ya kunyoosha makali.

Lakini ngozi nyingi duniani, takribani asilimia 80 au zaidi, hutengenezwa kwa chumvi za kromiamu, kwa sababu njia hiyo huchukua siku chache badala ya majuma. Viwanda vya Kenya navyo hutumia zaidi njia hiyo, ambayo huipa ngozi rangi ya buluu kabla haijatiwa rangi nyingine. Ngozi ya aina hiyo ni laini na hunyumbuka, sifa nzuri kwa viatu na mikoba. Kwa ukanda wa kuning'iniza, sifa hiyo ni kasoro: ngozi hubonyea, hujikunja kidogo nyuma ya makali, na makali hayo huanza kuviringika.

Namna ya kuitambua ngozi

Mnunuzi hahitaji mashine ili kutofautisha. Atazame kwanza ukingo uliokatwa. Ngozi ya magome aghalabu huwa ya kahawia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ile ya kromiamu mara nyingi huonyesha mstari wa kijivu au wa buluu katikati, hata kama juu imepakwa rangi nyeusi au nyekundu.

Pili, atie tone la maji upande usiopakwa rangi. Ngozi ya magome hulinywa tone hilo na mahali hapo hugeuka kuwa peusi kidogo. Tatu, abonyeze kwa ukucha. Ngozi ya magome hubaki na alama kwa muda, ilhali ile ya kromiamu hurudi katika hali yake upesi.

Kuhusu ngozi bandia, fundi akikubali kutoa uzi au kipande kidogo kichomwe, harufu itasema. Ngozi halisi hunuka kama nywele zilizoungua. Plastiki huyeyuka na kutoa moshi wenye harufu kali. Aidha, maandishi yanayodai kuwa kitu ni cha ngozi halisi si ushahidi wa ubora. Kuna ngozi inayoundwa kwa kusaga mabaki na kuyagandisha kwa gundi, nayo hubanduka vipande vipande baada ya muda mfupi.

Ngozi ya ng'ombe yenye unene wa kati ya milimita 2.5 na 4 ndiyo inayofaa zaidi. Ile ya mbuzi au kondoo huwa nyembamba na hunyumbuka, kwa hivyo haifai kuning'inizwa peke yake. Uso wake uwe laini, usio na nakshi, matundu, kovu la chapa wala rangi nzito inayometameta.

Vipimo na maumbo

Bapa la wembe wa kawaida lina urefu wa takribani sentimita 7.5. Ukanda wenye upana wa sentimita 6 hadi 7.5 humrahisishia mwanagenzi kazi, kwa sababu karibu makali yote hugusa ngozi kwa wakati mmoja. Urefu wa sentimita 45 hadi 50 unatosha. Ukanda mfupi hulazimu kugeuza wembe mara nyingi, na kila kugeuza ni nafasi ya kufanya kosa.

Yapo maumbo mawili makuu. La kwanza ni ukanda wa kuning'iniza, unaofungwa kwenye ndoano au kitasa cha mlango na kuvutwa kwa mkono. Hili ndilo la asili, lakini lina hatari yake: mkono ukilegea, ukanda hubonyea na makali huviringika. La pili ni ngozi iliyogundishwa juu ya ubao bapa. Hili halihitaji kuvutwa, hukaa mezani, na humwondolea mwanagenzi wasiwasi wa kulegeza.

Kwa mwenye mkoba mwembamba, umbo la ubao ndilo lenye faida zaidi. Hata ngozi laini ya kromiamu, ambayo isingefaa kuning'inizwa, huweza kutumika ikishagundishwa barabara juu ya mbao. Kipande hicho huweza kupatikana kwa mabaki ya mshona viatu au fundi wa mikoba, na seremala yeyote anaweza kupiga randa ubao wa urefu huo.

Ubao sharti uwe bapa kabisa. Njia nyepesi ya kuukagua ni kuulaza juu ya kioo cha dirisha na kuona kama unayumba. Gundi ya viatu ipakwe nyembamba pande zote mbili, iachwe ikauke kidogo, kisha ngozi ibandikwe kuanzia upande mmoja ili hewa isinaswe chini yake. Uvimbe wowote utakaobaki utaugusa wembe kila siku. Uso ukiwa na mikwaruzo midogo, husuguliwa kwa msasa laini na kupanguswa vumbi lote, kwa kuwa chembe moja ya mchanga hutosha kuyamegua makali.

Mitumba, mkanda wa gari na gazeti

Njia nyingine iko katika masoko ya mitumba. Mshipi mpana wa suruali uliotengenezwa kwa ngozi moja nzima, usio na mshono katikati, huweza kuwa ukanda wa kwanza. Mnunuzi atazame ukingo kwa makini, maana mishipi mingi ni ngozi mbili nyembamba zilizobandikwa huku katikati mna karatasi ngumu au plastiki.

Mshipi una upungufu mmoja. Upana wake kwa kawaida ni sentimita 4 hivi, chini ya urefu wa wembe. Mtumiaji hulazimika kuusogeza wembe kimshazari, akianzia kisiginoni na kumalizia nchani, ili sehemu zote za makali ziguse ngozi. Si jambo gumu, na kwa wembe uliojipinda kidogo ndiyo njia bora, lakini huhitaji mazoezi.

Ukanda kamili huwa na sehemu ya pili, ya kitambaa. Kitambaa hupangusa na kuondoa vichafu na dalili za kutu kabla ya wembe kupita kwenye ngozi. Eldoret ni nyumbani kwa kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichonunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na pamba si jambo geni huko. Kipande cha turubai la pamba au cha suruali kuukuu ya jinzi, kikiwa kisafi na kisicho na mshono, kinatosha. Wengine hutumia mkanda wa usalama wa gari uliotolewa kwenye magari yaliyochakaa, baada ya kuufua na kuukausha. Upana wake unakaribia sentimita 5, na ufumaji wake ni sawia.

Na kwa asiye na chochote, gazeti linatosha kwa kuanzia. Kurasa chache zikikunjwa vizuri na kulazwa juu ya ubao bapa au kioo, bila makunyanzi, hunyoosha makali kwa kiasi cha kushangaza. Likichanika, hakuna aliyepata hasara.

Jinsi ya kuutumia

Kanuni ni moja: mgongo hutangulia, makali hufuata. Wembe hulazwa bapa, mgongo na makali vikigusa ukanda pamoja, kisha husukumwa kuelekea upande wa mgongo. Ukifika mwisho, hubiringishwa juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali, na kurudishwa. Makali yakitangulia, ukanda hukatwa na wembe huharibika.

Mkono usikandamize. Uzito wa wembe wenyewe unatosha. Mizunguko 20 hadi 30 kwenye kitambaa na 40 hadi 60 kwenye ngozi, kwenda na kurudi kukihesabiwa kuwa mzunguko mmoja, ni kadiri inayokubalika na wengi. Haraka haraka haina baraka. Mwanagenzi aende polepole, asiige mbwembwe za vinyozi wa filamu. Kasi huja yenyewe.

Zipo dawa za kung'arishia chuma, hasa ile ya kijani yenye oksaidi ya kromiamu, ambazo hupakwa kwenye ngozi ili ile chuma kidogo. Mwanagenzi aziepuke kwenye ukanda wa kila siku. Zikishapakwa, haziondoki kwa urahisi, na zikitumiwa kila siku hubadilisha umbo la makali. Anayezihitaji atenge kipande kingine cha ngozi kwa kazi hiyo peke yake.

Utunzaji na usalama

Eldoret iko kwenye mwinuko wa takribani mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya mvua huwa na baridi na unyevu. Ngozi ikiachwa bafuni huota ukungu, na wembe hushika kutu. Vyote viwekwe chumba kikavu, na wembe ufutwe hadi ukauke kabla ya kukunjwa.

Ngozi haihitaji mafuta mengi. Kuisugua kwa kiganja kikavu kabla ya kila matumizi huilainisha kwa joto na mafuta ya mkono. Rangi ya viatu haifai, kwa sababu huacha utando unaoteleza. Mafuta ya kupikia huchacha na kunata vumbi.

Jambo zito kuliko yote ni kuwa wembe na ukanda ni vya mtu mmoja. Makali yaliyogusa damu huiacha damu hiyo kwenye ngozi ya ukanda, na ngozi haiwezi kuchemshwa wala kuloweshwa dawa kali bila kuharibika. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata pale ambapo damu haionekani kwa macho. Kwa hivyo ukanda mmoja kutumiwa na ndugu wawili, au na kinyozi kwa wateja wake, ni hatari isiyo na sababu. Anayenyoa wengine atumie kipande kipya kwa kila kichwa. Wahenga waliposema mwenzako akinyolewa nawe tia maji, hawakumaanisha wembe ule ule.

Aidha, ukanda uliosuguliwa vizuri si salama mbele ya watoto, kwa kuwa wembe huwa karibu yake. Ndoano iwekwe juu, na wembe ufungiwe.

Wakati wa kununua ulio bora

Dalili ya kuwa mwanagenzi amehitimu si idadi ya miezi. Ni pale anapomaliza wiki kadhaa bila kuukata ukanda, na wembe wake ukabaki mkali vile vile kila asubuhi. Hapo ndipo anaweza kufikiria ukanda mpana wa ngozi ya magome, uliokatwa na fundi kwa kipimo chake au kuagizwa kutoka nje.

Wengi wakifika hapo hugundua kuwa hawana haja. Kipande cha ngozi kilichogundishwa juu ya ubao, kikiwa bapa, kisafi na cha mtu mmoja, huendelea kutoa makali yale yale. Kinachobadilika ni mkono unaokitumia.